Kitalu na Shamba

Mkulima ahamishapo mche kitaluni akaupeleka shambani, hapana amwulizaye kama kitalu kimedhulumiwa. Kitalu kimefanywa kwa kazi hiyo. Kikivuliwa miche yake yote kimetimiza wajibu wake, na udongo wake ukiachwa ukamea magugu hapana alalamikaye. Lakini neno hili la kilimo likichukuliwa kutoka kondeni na kutiwa katika mambo ya wanadamu, uzito wake hubadilika. Kitalu cha wanadamu kina macho na masikio. Hulipa kiingilio mlangoni, hushangilia, hukasirika, hujifunza majina ya waliomo, na mche ung'olewapo hubaki nyuma kikitazama shimo. Ndipo lizukapo swali ninalokusudia kulichungua katika insha hii: kitu kilichowekwa ili kiwe njia ya kupitia wengine, je, kina thamani yake chenyewe, au thamani yake yote iko huko waendako wapitao?

Wanafalsafa wameligusa swali hili kwa upande mmoja. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alifundisha kwamba mwanadamu hafai kutumiwa kama chombo tu. Wengi waikumbukao hukumu hiyo husahau lile neno dogo la mwisho. Kant hakukataza watu kutumiana. Sisi sote hutumiana: mwanafunzi humtumia mwalimu, na abiria humtumia nahodha. Ugumu umo katika kupambanua mahali kutumiana kwa haki kunapokwisha na dhuluma inapoanza, na ugumu huo hauonekani vema katika mifano mikubwa ya utumwa na vita, ambamo uovu ni dhahiri. Huonekana zaidi katika jambo dogo ambalo watu walilitenda kwa nia iliyochanganyika, nusu faida na nusu haki. Mfano wangu ni wa namna hiyo: timu ya besiboli ya mji wa Nashua, katika jimbo la New Hampshire huko Marekani, iliyozaliwa mwaka 1946 na kufa mwaka 1949.

Mji wa Nashua umekaa mahali mto wa jina hilohilo uingiapo katika mto Merrimack. Ni Merrimack huohuo ambao, mwendo mfupi chini yake, uliendesha viwanda vya nguo vya Lowell. Na katika viwanda vya nchi ile ndimo kilimotoka kitambaa ambacho wafanyabiashara wa Salem walikileta Unguja katika karne ya 19, na babu zetu wakakiita merekani. Kwa hiyo mahali hapa si pageni kabisa kwetu. Mwaka 1940 mji ulikuwa na watu wapatao 33,000, wengi wao wazao wa Wafaransa waliohamia kutoka Kanada, na riziki yao ilitegemea viwanda vya pamba ambavyo mwanzo wake ulikuwa mwaka 1823. Watu weusi walikuwa wachache mno. Mwaka 1937 mji ulipata kiwanja kizuri cha michezo kiitwacho Holman, na vita vilipokwisha kiwanja hicho kilikuwa kikingoja timu.

Yafaa kwanza kueleza jinsi mchezo huo ulivyopangwa, maana bila hayo neno kitalu litaonekana kuwa fumbo langu tu. Besiboli ya kulipwa huko Marekani ina ngazi. Juu ziko ligi mbili kuu, katika miji mikubwa. Chini ziko ligi ndogo za madaraja mbalimbali, zilizotapakaa hata katika miji ambayo msafiri huipita bila kujua jina. Zamani nyingi za timu hizo ndogo zilikuwa huru. Zilimlea mchezaji, zikafurahia ustadi wake, kisha zikamwuza juu kwa bei na kuishi kwa fedha hizo. Aliyeubadili mpango huo ni Branch Rickey, kiongozi wa timu ya St. Louis. Katika miaka ya 1920, akiwa hana fedha za kushindana mnadani na matajiri wa New York, aliona kwamba njia rahisi ni kuacha kununua miche na kumiliki vitalu. Alizinunua timu za miji midogo moja baada ya moja, au akafunga nazo mikataba, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1930 St. Louis ilikuwa imeshika timu zaidi ya 30. Wamarekani waliuita mpango huo kwa jina la shamba, na hawakukosea.

Mtu aliyeuchukia mpango huo kuliko wote ni Kenesaw Mountain Landis, jaji aliyefanywa kuwa kamishna wa kwanza wa mchezo huo mwaka 1920, akaushika wadhifa wake hata alipokufa mwaka 1944. Hoja yake ilikuwa ya maadili, nami naiona kuwa nzito. Mji mdogo, kwa maoni yake, ulistahili kuwa na timu inayoshindana ili ishinde. Ukimpa tajiri aliye mbali uwezo wa kumwondoa mchezaji hodari katikati ya msimu kwa sababu anahitajiwa kwingine, mashindano ya mji yamekuwa maigizo, na watu waliolipa kiingilio wamedanganywa. Mwaka 1938 Landis aliwafungua wachezaji zaidi ya 70 waliokuwa wamefungwa katika mashamba ya St. Louis. Mtu akiyasoma hayo peke yake, moyo wake wote utakwenda kwa Landis.

Lakini hayasomeki peke yake. Katika miaka yote ya ukamishna wake, hapana mtu mweusi hata mmoja aliyecheza katika ligi hizo, si kubwa wala ndogo. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Palikuwa na mapatano ya kimya yaliyoanza katika miaka ya 1880, na Moses Fleetwood Walker, aliyeondoka mwaka 1889, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuonekana katika ligi kubwa kuliko zote zilizokuwa chini ya ligi kuu. Landis hakuyaanzisha mapatano hayo, wala hakuyagusa. Baada ya kufa kwake, aliyeyavunja ni Rickey, ambaye wakati huo alikwisha hamia Brooklyn. Msomaji aone basi jinsi mambo yalivyokaa kombo: mtetezi wa heshima ya miji midogo ndiye aliyetawala nyuma ya mlango uliofungwa kwa rangi, na mnunuzi wa miji midogo ndiye aliyeufungua.

Tena aliufungua kwa ufunguo ulioharamishwa na Landis. Hili ndilo jambo lililonifanya niandike. Kama kila timu ndogo ingekuwa huru, mwenye kutaka kumtia mchezaji mweusi ngazini angelazimika kubisha mlango mmoja baada ya mwingine na kuomba, na yeyote angeweza kumfukuza. Rickey hakuhitaji kuomba sana, kwa sababu vitalu vilikuwa vyake. Tarehe 23 Oktoba 1945 ilitangazwa kwamba Jackie Robinson ametia sahihi mkataba, na mwaka uliofuata akapelekwa Montreal, timu ya juu kuliko zote za mashamba ya Brooklyn. Habari zake zimeandikwa mara nyingi, nami nitaziacha. Nyuma yake walikuwako wawili wengine. Roy Campanella, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa mdakaji, yaani yule achuchumaaye nyuma ya mpiga gongo na kuuongoza mchezo kwa ishara; alikuwa amecheza tangu utoto katika ligi za watu weusi, katika timu ya Baltimore. Don Newcombe, kijana mrefu ambaye hajatimiza miaka 20, alikuwa mtupaji wa mpira, ametoka katika timu ya Newark. Brooklyn ilitaka kuwapeleka Danville, katika jimbo la Illinois. Mkuu wa ligi ya huko akasema afadhali aifunge ligi. Ndipo walipopelekwa Nashua, katika ligi ya New England ya daraja B, iliyokuwa imefufuliwa mwaka uleule. Hivyo Nashua ikawa timu ya kwanza katika nchi ya Marekani yenyewe, ndani ya besiboli iliyotambuliwa ya karne ya 20, iliyowachezesha weusi na weupe pamoja.

Mji haukuulizwa. Msimamizi wa timu, Buzzie Bavasi, askari aliyekuwa amerudi karibuni kutoka vitani Italia, alifanya alivyoweza kuutayarisha: alimweka mhariri wa gazeti la mjini, Fred Dobens, kuwa rais wa timu, ili gazeti liwe ndani ya nyumba badala ya kuchungulia dirishani. Hila njema, lakini hila. Na watu wa Nashua wakaja kiwanjani. Waliwashangilia wageni wao, na wageni wenyewe, kila walipoulizwa katika miaka ya baadaye, waliutaja mji huo kwa wema. Mfugaji mmoja wa kuku wa hapo aliahidi vifaranga 100 kwa kila pigo la kuuvusha mpira nje ya uzio litakalopigwa na mchezaji wa Nashua. Campanella alivusha mara nyingi kuliko alivyotazamia mfugaji, akajikuta na vifaranga zaidi ya elfu moja. Kwa kuwa alikuwa akiishi katika nyumba ya kupanga na hakuwa na banda, akawapeleka kwa baba yake Philadelphia, na mzee akaanza ufugaji.

Napenda kisa hicho cha vifaranga, nacho hunifanya nijiulize jambo lisilopendeza. Wema wa Nashua ulikuwa na gharama gani? Hapana aliyetakiwa kumpa Mwafrika wa Marekani kazi kiwandani, au kumwuzia nyumba jirani na yake, au kumwachia kiti shuleni. Alitakiwa kumpigia makofi mdakaji hodari aliyeisaidia timu yake kushinda. Mkali wa maadili atasema kwamba wema usiopimwa haujawa wema bado, na kwamba mji huo ulichaguliwa kwa sababu hiyohiyo, kwamba haukuwa na lolote la kupoteza. Hoja hiyo ina nguvu, nami kwa muda niliikubali.

Kilichonigeuza ni mji wa Lynn. Lynn nao ni mji wa viwanda, uko Massachusetts, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na timu yake ilikuwa katika ligi ileile. Watu wake weusi nao walikuwa wachache. Lakini kutoka upande wa timu ya Lynn yalitoka matusi ya rangi, mchezo baada ya mchezo, hata siku moja Bavasi, kama alivyosimulia mwenyewe, akaenda kwenye basi lao na kumwita meneja wao ashuke wapigane. Mchezaji wa timu ya Manchester, mji wa jimbo lilelile la Nashua, alimtupia Campanella mchanga usoni. Kwa hiyo hali ya nchi peke yake haikumfanya mtu kuwa mwema. Gharama ilikuwa sawa kwa wote, yaani ndogo, na bado wengine walishindwa kuilipa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuzote nimeifasiri methali hiyo kwa chakula, kwamba mgeni akija mwenyeji naye hula vizuri. Hapa yafaa kuongeza kwamba mwenyeji lazima akubali kula. Msimu huo Lynn ilimaliza ya kwanza na Nashua ya pili, kisha katika fainali ya kombe la mwisho wa msimu Nashua ikaishinda Lynn. Campanella akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi.

Halafu akang'olewa, bila shaka. Mwaka 1947 alikuwa Montreal, na mwaka 1948 Brooklyn. Lakini Newcombe hakung'olewa, na katika habari yake kitalu kinaonyesha sura nyingine. Katika mwaka 1946 alikuwa ameshinda michezo 14 na kushindwa 4 tu. Kwa kipimo chochote mche ulikuwa tayari. Brooklyn ikamwacha Nashua mwaka wa pili. Akashinda michezo 19. Wale wa mjini walifurahi mno kumwona tena. Hapa hoja ya Landis inapata jibu ambalo huenda hakulitazamia: si kila mara mji hudhulumiwa mche ukihamishwa; pengine mji hufaidi kwa mche kucheleweshwa, na furaha ya watazamaji ikawa kifungo cha kijana. Newcombe hakufika Brooklyn hata mwaka 1949, na mara alipofika akachaguliwa mchezaji mpya bora wa ligi yake. Sijui msomaji atamhesabia nani mwaka ule wa 1947. Mimi naukata kutoka sifa za Nashua na kuuandika katika deni la Brooklyn.

Deni la Brooklyn lina kurasa nyingine zilizo chungu zaidi. Nimesema kwamba Newcombe alitoka Newark. Timu ya Newark ilikuwa ya ligi ya watu weusi, na mmoja wa wenye timu alikuwa Effa Manley, mwanamke mwenye akili kali ya biashara na sauti isiyonyamaza. Rickey alimchukua Newcombe bila kulipa hata senti moja kwa timu hiyo, kama alivyomchukua Robinson bila kuilipa Kansas City na Campanella bila kuilipa Baltimore. Sababu aliyotoa ni kwamba ligi hizo hazikuwa ligi za haki na mikataba yake haikuwa mikataba. Mwenye kutaka kujua kama sababu hiyo ilikuwa ya lazima atazame mwaka 1947, ambapo Bill Veeck wa Cleveland alimchukua Larry Doby kutoka timu ileile ya Newark na kulipa dola 15,000. Fedha hizo hazikuwa thamani kamili ya Doby, lakini zilitosha kuonyesha kwamba njia ya kulipa ilikuwako.

Mwaka 1946, majira yaleyale Nashua iliposhangilia kombe lake, Newark ilikuwa bingwa wa besiboli ya watu weusi. Mwisho wa msimu wa 1948 timu ikauzwa na kuondoka mjini, na ligi yake ikafungwa. Watazamaji walikuwa wamewafuata vijana wao walikokwenda. Nani awalaumu? Kizazi kizima kilikuwa kimengoja kuwaona pale. Hata hivyo palikuwa na waamuzi, makocha, madereva wa mabasi, wauza tikiti na wachezaji wa makamo ambao Brooklyn haikuwahitaji, na kwao mlango uliofunguliwa ulikuwa mlango wa kutokea. Kama Nashua ilikuwa kitalu cha Brooklyn kwa mkataba, Newark ilifanywa kitalu bila mkataba. Nikirudi kwa Kant, hapa ndipo ninapoona mahali kutumiana kulipovuka mpaka. Nashua ilitumiwa, ikapewa kitu: ilipata michezo, makombe matatu mfululizo katika miaka ya 1946, 1947 na 1948, na mwaka 1948 ikamwona pia Dan Bankhead, mtupaji wa kwanza mweusi wa ligi kuu, akishinda michezo 20. Newark ilitumiwa tu. Haki iliyoletwa na Rickey ilikuwa haki kweli, nami sitaipunguza. Lakini sehemu ya gharama yake ililipwa na watu ambao yeye hakuwatoza kwa idhini yao.

Mwaka 1948 Nashua yenyewe ilionja jambo linalofanana. Kampuni ya Textron ilikuwa imevinunua viwanda vya nguo vya mji mwaka 1945. Septemba 1948 ikatangaza kwamba itavifunga, na kazi za watu zaidi ya elfu tatu zikawa hatarini. Malalamiko yalifika hata katika Baraza la Seneti, ambako Seneta Charles Tobey wa New Hampshire alisimamia uchunguzi. Watu wazima waliokuwa wamefundishwa kwamba kiwanda ni mama yao waligundua kwamba katika vitabu vya mwenyewe kilikuwa mche kama mche mwingine, wa kung'olewa panapofaa. Sisemi kwamba Rickey na Textron walikuwa sawa. Nasema kwamba mji uliokuwa na mabwana wawili, wote wawili wakiwa mbali, ulikuwa umejifunza kwa mmoja kufurahia na kwa mwingine kulia, na chombo cha kuwafanyia yote mawili kilikuwa kimoja, yaani umiliki wa mbali.

Kufa kwa timu hakuhitaji maneno mengi. Katikati ya msimu wa 1949 timu kadhaa za ligi ya New England zilivunjika, na msimu ulipokwisha ligi nzima ikafungwa. Mwaka huo Marekani ilikuwa na ligi ndogo 59, kilele ambacho haijakirudia; kufikia mwaka 1963 zilikuwa zimebaki chini ya 20. Redio, televisheni na motokaa vilimwezesha mtu wa mji mdogo kuifuata timu ya Boston bila kumtazama jirani yake akicheza. Mwaka 2021 ligi kuu zikayapunguza mashamba yake tena, kutoka timu 160 hadi 120, na miji mingi ikaambiwa, kwa barua na hesabu, kwamba haihitajiki. Maneno ya Landis yalirudi katika vinywa vya watu ambao huenda hawajui kwamba ni yake.

Sasa nirudi kwenye swali. Kuna vipimo viwili vya kukipimia kitu kama timu ya Nashua, na vyote viwili hunipotosha. Kwanza ni kipimo cha umri: ilidumu misimu minne, basi ni kitu kidogo. Kipimo hiki hakihitaji kujibiwa kwa urefu, kwani kwacho jiwe ni bora kuliko mtu. Cha pili ndicho cha hatari kwa kuwa huvaa nguo za sifa. Husema kwamba Nashua ilikuwa kubwa kwa sababu ilitoa wakubwa: Campanella alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1951, 1953 na 1955, Newcombe mwaka 1956, pamoja na kuwa wa kwanza kupewa tuzo ya watupaji inayoitwa Cy Young, na mwalimu wao Walter Alston aliiongoza Brooklyn, baadaye Los Angeles, kwa misimu 23 tangu 1954. Yote ni kweli. Lakini anayesema hivyo amekubaliana na mwenye shamba kwamba kitalu huhesabiwa shambani. Watu wa Nashua waliokwenda kiwanjani mwaka 1946 hawakuwa wakitazama mwaka 1955. Walikuwa wakitazama mchezo wa siku ile. Vijana weupe waliocheza na Campanella wakaishia hapo, wakarudi makwao kufanya kazi nyingine, hawakosi kuwa sehemu ya jambo lile kwa sababu hawakufika mbele.

Nina hoja moja zaidi, nayo ndiyo hasa inayonishawishi. Kipimo cha shamba kinachukulia kwamba lolote lililo jema kitaluni litaonekana shambani, likiwa kubwa zaidi. Huko Nashua lilitokea jambo ambalo halikufika shambani.

Alston alikuwa mtu wa maneno machache kutoka Ohio. Katika ligi kuu alikuwa amecheza mchezo mmoja tu, mwaka 1936, akasimama na gongo mara moja, akashindwa kuupiga mpira, na hapo ndipo maisha yake ya mchezaji wa ngazi ya juu yalipokwisha. Hapo Nashua alikuwa mwalimu wa timu na mchezaji pia. Mapema katika msimu wa 1946 alimwomba Campanella kwamba, siku yoyote mwamuzi akimtoa uwanjani, yeye Campanella aishike timu. Alimchagua, katika wachezaji wote, kwa sababu aliona kwamba wenzake watamsikiliza. Siku hiyo ikafika mwezi wa Juni, katika mchezo dhidi ya timu ya Lawrence. Alston aligombana na mwamuzi, akatolewa, na timu ikiwa nyuma Campanella akakaa mahali pake. Palipohitajiwa mpiga gongo, alimtazama Newcombe, ambaye kazi yake ilikuwa kutupa mpira wala si kuupiga, akamwambia aingie. Newcombe akauvusha mpira nje ya uzio, na Nashua ikashinda.

Mtu mweusi alikuwa amewaongoza weupe katika besiboli iliyotambuliwa, nao wakafanya alivyowaambia. Katika ligi kuu jambo hilo halikupata mtu wa kudumu hata mwaka 1975, Frank Robinson alipopewa timu ya Cleveland. Yaani baada ya miaka 29. Brooklyn, iliyochukua kila kitu kingine kutoka Nashua, haikulichukua hilo. Januari 1958 gari la Campanella lilipinduka, akavunjika shingo, akaishi miaka yake iliyobaki katika kiti cha magurudumu hata alipokufa mwaka 1993, na timu ya ligi kuu hakupewa kamwe. Nashua alipewa moja, kwa sehemu ya mchezo mmoja. Katika mchezo uliofuata Alston alirudi mahali pake, na Campanella akavaa kinga zake za kifua na magoti, akarudi kuchuchumaa nyuma ya mpiga gongo.